Sikio la Viraka

Nilikwenda kwenye mkutano ule kuchukua sura ya mume wangu, basi. Sikwenda kujifunza wala kutafakari, na huyo mwezeshaji wao mwenye sauti ya kubembelezea watoto wachanga anisamehe. Nimefundisha mazingira shule ya msingi tangu nusu ya wanakamati wale hawajaota meno, na habari za kutenganisha taka nazijua hata usingizini. Nilitaka bango langu, nilikunje, nipande basi nirudi kwangu.

Bango lenyewe lilikuwa hivi. Sisi walimu wa mazingira tunakutana kila mwaka kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu, tunaambiana kipi kimekwenda na kipi kimekwama. Mwaka uliotangulia kamati ikaamua kuweka picha ya mume wangu kwenye bango la mlangoni. Watu walimwita Viraka, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Ndoo ikitoboka anaziba, kiatu kikiachama anashona, shati likichanika kwapani anatia kiraka cha rangi nyingine kabisa na kuingia nalo darasani kifua mbele. Mimi nikawa Mama Viraka, nipende nisipende. Siku mpiga picha alipokuja nikamwambia mume wangu, "Funga hicho kifungo, au unataka watu wajue umeoa mvivu?" Akaangua kicheko, kile chake cha kurusha kichwa nyuma, pengo lote nje, na mpiga picha akabonyeza hapo hapo. Kwa hiyo kile kicheko cha kwenye bango kilikuwa changu. Nilikitoa mimi, kwa huu ulimi wangu usio na breki.

Picha nyingine hatuna. Albamu ya harusi ilichukuliwa na mafuriko pamoja na kabati lake. Kwenye simu ndiyo usiseme, maana simu alishika yeye siku zote. Utakuta picha za mitaro, picha za miche, picha zangu mimi nimenuna, na yeye ni kivuli chini au kidole gumba pembeni. Ipo ya kitambulisho, lakini pale amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Huyo simjui.

Akatutoka akiwa kazini. Alikuwa anawaonyesha watoto jinsi ya kugeuza lundo la mboji, akasema kifua kinambana, akageuza ndoo akaikalia, na hakuinuka tena. Kule chumba cha maiti wifi yangu akaniuliza, "Utamtazama?" Nikasema simtazami. Nikasema mimi nina uso wake unaocheka, mkubwa kama mlango, na huo ndio nitakaokaa nao, huu mwingine siutaki machoni mwangu. Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa amesimama nami. Ni mwanamke mwenzangu, tumezeeka pamoja kwenye kazi hii. Akanishika mkono akaniambia, "Bango ni lako, dada yangu. Liko stoo, hakuna mkono utakaoligusa. Ukipata nguvu, njoo ulichukue."

Nguvu zilichelewa. Binti yetu alikuwa mjamzito wakati ule, akajifungua, nikawa na mtoto mgongoni na msiba kifuani. Halafu kikaanza kitu kilichonitisha. Uso wa Viraka ukawa unanitoka. Nikiamka nautafuta, naanza na pengo, napanda puani, nikifika machoni pengo limekwisha kupotea. Nilimwambia binti yangu hilo, naye akalia, akasema hata yeye. "Mama, lete lile bango," akaniambia. "Tulitundike sebuleni. Huyu mtoto amjue babu yake, na sisi tusimsahau." Ndiyo maana nikafunga safari.

Nilipofika asubuhi ile, mlangoni kulikuwa na bango jipya lenye picha ya mti. Nikasema sawa, mti nao una haki yake. Pale mezani dada wa mapokezi akaniandika, akanipa kikombe cha udongo cha kutumia siku zote mbili, akanipa na mkoba. Kila mwaka tunapewa mkoba, na mikoba hiyo inashonwa kutokana na bango kuukuu. Wangu ulikuwa wa buluu tupu na herufi mbili tatu zilizokatika. Nikautundika begani nikaenda zangu kupanga foleni ya chai.

Mbele yangu alisimama binti mmoja mwembamba, mwalimu wa chekechea, ndiyo mara yake ya kwanza kuja. Alikuwa anaongea na mwenzake huku mkoba wake unabembea mgongoni. Kwenye ule mkoba kulikuwa na sikio.

Sikio la kushoto, kubwa kama sahani, limemegwa ncha. Mume wangu alimegwa sikio na waya wa seng'enge alipokuwa mtoto, akiruka uzio wa watu kufuata mpira. Nimelala ubavuni mwa sikio hilo ndoa nzima. Ndilo nililolipigia kelele kila siku ya Mungu, "Wewe mwanamume huna masikio kabisa!" kwa sababu Viraka ukianza kumweleza jambo, hata hujafika katikati, atasema "Nimesikia, mama, nimesikia," na tayari ameshika nyundo yuko nje.

Kikombe kikaniponyoka kikapasuka. Yule binti akageuka.

"Shikamoo mama. Pole. Umeumia?"

Nilikuwa nimeshika mkoba wake kwa mikono miwili, naye akawa anarudi nyuma kidogo kidogo kama mtu anayeibiwa na hajui apige kelele au asipige.

"Umeutoa wapi huu?"

"Nimepewa pale mezani, mama. Kila mtu amepewa."

Kila mtu amepewa! Nikatazama ule ukumbi. Walimu wamejaa, wanacheka, wanakumbatiana, na kwenye mabega yao mume wangu amegawanywa. Bwana mmoja mnene alikuwa na nusu ya jicho. Mama mmoja alikuwa na shingo na ule ukosi wa shati. Kile kifungo nilichomwambia afunge kilikuwa kimening'inia kwenye kiuno cha mtu anayekula andazi.

Nilimkuta Mwenyekiti jukwaani anapanga viti. Aliponiona akafungua mikono, "Dada yangu! Umekuja!" Nikamwonyesha sikio. Hakuelewa mara moja. Kisha nikaona rangi inamtoka usoni, akakaa kwenye kiti alichokuwa anakibeba.

"Niliwaambia," akasema. "Wallahi niliwaambia lile lisiguswe."

"Uliwaambia nani?"

Alimwambia katibu wa wakati ule, na katibu yule amehama. Aliyekuja baada yake akafanya kama inavyofanywa kila mwaka, akafungua stoo, akachukua bango la mwaka uliopita, akampelekea fundi cherehani. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alitimiza wajibu wake. Na hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kutua, kwa sababu huo utaratibu najua ulikotoka.

Zamani mabango yetu yalichomwa nyuma ya jiko mkutano ukiisha. Moshi mweusi, harufu ya kuchefua. Mwaka mmoja Viraka akasimama kikaoni na shati lake la rangi tatu, akasema, "Jamani, tunawakataza watoto kuchoma plastiki, halafu tunachoma plastiki iliyoandikwa msichome plastiki?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akasema likatwe, lishonwe mikoba, na mwaka unaofuata kila mtu abebe kipande cha mwaka uliopita. Yeye ndiye aliyesema! Alimtafuta fundi mwenyewe, akamwelekeza na jinsi ya kukata mikanda isikatike. Nami nilikaa nyuma siku ile najidai, nimeolewa na kichwa. Sasa nimlaumu nani? Nimfufue nimgombeze?

Nikamgombeza Mwenyekiti. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwuliza wao ni watu au ni mikasi. Alilia bila kujifuta, akisema, "Ni kweli, dada. Ni kweli." Bwana mmoja wa kamati akajipenyeza katikati yetu, akasema kwa upole, "Lakini mama, marehemu mwenyewe angefurahi."

"Usinisemee mume wangu," nikamwambia. "Wewe hukulala naye."

Akanywea. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Viraka angecheka. Angetembea ukumbi mzima akitafuta pua yake, angemwambia yule bwana mnene, "Ndugu, hilo jicho nimekuazima tu." Nilimsikia kabisa, sauti ilikuja yote, na uso haukuja.

Kengele ya kikao ikalia. Sisi tuna desturi ya kuanza kwa kukaa duara, kila mtu anasema kilichomwelemea mwaka huo, na huyo mwezeshaji wetu anakuongoza kwa macho ya huruma na kalamu za rangi mfukoni. Anapenda kutuambia tuvute pumzi. Mtu amekosa maji shuleni kwake, vuta pumzi. Mtu miche yake imeliwa na mbuzi wa mkuu wa shule, vuta pumzi. Mwaka ule hakupata nafasi ya kutuvutisha chochote, maana Mwenyekiti alisimama katikati ya duara na kuwaeleza watu wote, bila kuficha, mikoba wanayoishika imetoka wapi, aliahidi nini, na aliyeahidiwa ameketi pale.

Watu wakawa wanageuza mikoba yao taratibu, wanaangalia walichobeba. Wengi walimfahamu. Mama mmoja akaushusha wake mapajani akaufunika kwa kiganja, ulikuwa na pua.

Aliyeanza ni mwezeshaji. Alisogeza kiti chake nyuma, akapiga magoti sakafuni, akatoa vitu vyake kwenye mkoba akauweka chini. Hata hiyo pumzi hakuitaja. Wengine wakamfuata. Walimu wazima, wengine na miwani ya kusomea, wakashuka magotini na kuanza kumpanga Viraka. "Hiki ni kidevu." "Hapana, kisogeze, hiki ni kiganja, aliinua mkono." "Jicho la pili liko kwa nani?" Wakaitana mpaka jikoni, mpishi naye akaleta wake umejaa vitunguu. Nami nilisimama pale juu, nikajikuta natumaini. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama msichana. Nilijiambia fundi atafumua nyuzi, ataunganisha, litakuwa na mishono na mishono ndiyo yeye mwenyewe, si ndiye Viraka? Nitalitundika hivyo hivyo.

Wakamaliza, wakasimama, wakanipisha.

Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri, ndiyo tatizo. Kila kipande alikikunja ukingo akakishona mara mbili kisichanike, kwa hiyo hakuna kilichokutana na mwenzake. Jicho liko kule, jicho liko huku, pua imesimama peke yake kama imesuswa. Na pale chini ya pua hapakuwa na kitu, ni sakafu tu.

"Mdomo uko wapi?" nikauliza.

Yule binti wa chekechea ndiye aliyeona. Akauinua mkoba mmoja kwa mkanda, akauangalia ule mkanda, akainua wa pili. Mikanda ilikuwa imekatwa pale katikati ya bango, vipande vyembamba vya kulala, kuvuka mdomo kutoka shavu hadi shavu. Kwenye mkanda mmoja palikuwa na weupe wa meno, kwenye mwingine ufizi, kwenye mwingine lile pengo, nusu yake, na nusu imeingia kwenye mshono. Kile kicheko walikuwa wamekishika mikononi tangu asubuhi, na jasho la viganja vyao.

Mwenyekiti akaniwekea mkono mgongoni. "Tutafumua yote, dada. Hata ikichukua mwaka."

Nilimtazama mume wangu pale chini. Nilimtazama sana, kuliko nilivyotaka. Hakuwa anacheka. Alikuwa mtu aliyelala chali sakafuni, amekatika, macho wazi, hana mdomo, na watu wamemzunguka wameinamisha vichwa. Nikajua niko wapi. Niko kule kule, wifi yangu ananiuliza utamtazama, na safari hii hakuna aliyeniuliza. Uso niliokataa kuuona nililetewa mpaka ukumbini, na ule nilioutunza kwa ajili ya maisha yangu yote haupo tena duniani.

Nililia kwa sauti. Sikujua kama nina sauti ya namna ile. Nilimwita kwa jina ambalo tulikuwa tunaitana chumbani, mbele za watu wote, na sikuona haya.

Waliniketisha. Mtu alinipa maji. Nilipoweza kusema nikawaambia wachukue mikoba yao.

"Lakini mama..." akaanza mwezeshaji.

"Mchukueni, tafadhali. Mkimwacha hapo chini mimi sitainuka kwenye kiti hiki. Mbebeni. Tieni vitabu, tieni vitunguu, sijui nini. Yeye alitaka abebwe."

Wakamwokota mmoja mmoja, pole pole, na kila aliyechukua wake aliupangusa vumbi kwanza. Nilifumba macho mpaka nikasikia sakafu imenyamaza.

Sikusubiri siku ya pili. Nilikuwa nimefika getini yule binti wa chekechea akaja mbio, viatu mkononi, mkoba wake ameukumbatia. Alikuwa ameshautoa vitu vyake, amevishika kwenye mtandio.

"Mama, huu si wangu," akasema. "Wewe ndiye uliyemjua. Mimi nilikuwa naona ni kama jani."

Nikataka kukataa. Mkono ukawa umeshapokea. Nikamvulia ule wangu wa buluu nikampa asiende mikono mitupu, naye akanibusu kiganja na kurudi ndani analia, mtoto wa watu hata hajamjua mwenyewe.

Kwenye basi simu iliita mara mbili. Sikupokea. Ya tatu nikapokea.

"Mama, umelipata?" Nyuma nilimsikia mjukuu analialia. "Nimeshapiga msumari sebuleni. Nimepima, litatosha kabisa."

"Nimepata kidogo," nikamwambia.

"Kidogo vipi?"

Nikashindwa. Nikamwambia mtandao unakatika.

Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Alinitazama mikono, akatafuta mzigo mkubwa, akauona ule mkoba. Nikamwonyesha. Aliugusa pale penye kimego, na kidole kikabaki hapo hapo.

"Ni baba," akasema.

"Ndiye."

"Na kwingine?"

Nikamweleza yote, na sikumficha hata ule mdomo. Binti yangu ana moyo wa baba yake, nilidhani atasema neno la kunichekesha. Badala yake aliniachia mtoto, akaingia sebuleni, nikamsikia anajaribu kuung'oa ule msumari, na msumari haung'oki. Alikuwa ameupigilia kwa nguvu zake zote, kwa kitu kizito.

"Uache," nikamwambia.

Tukautundika mkoba pale. Kwenye ukuta mzima ule, kitu kidogo namna hiyo. Akaenda kumlaza mtoto, nami nikabaki nimesimama. Nilisogea mpaka mdomo wangu ukafika karibu na lile sikio, kama nilivyozoea, na nikaanza kumgombeza. Nilimwambia habari za mikasi, na za fundi wake hodari. Nilimwambia mjukuu ameota jino. Nilimwambia shati lake la rangi tatu bado liko nyuma ya mlango na sijalifua, kwa makusudi. Kisha nikamwambia ile siku ya chumba cha maiti nilikuwa nyuma ya ukuta tu, sikuwa mbali, na kwa nini sikuingia.

Nilisubiri aseme "Nimesikia, mama, nimesikia," ashike nyundo yake atoke. Hakusema. Alinisikiliza mpaka neno la mwisho, na hapo ndipo nilipojua kabisa kwamba amekufa, maana Viraka mzima hakuwahi kunisikiliza mpaka nikamaliza.